Orodha ya Sokoni Huanzia Jikoni

Ndugu zangu, habari za jioni.

Kabla sijaendelea naomba kila mmoja ajaribu kukumbuka, bila kumpigia simu mtu aliyeko nyumbani: droo ya chini ya friji yako, au kile kikapu cha mboga kilichoko pembeni mwa jiko, kina nini sasa hivi? Nyanya zimebaki ngapi? Zile karoti za wiki iliyopita bado ngumu au zimeshalegea? Kabatini kuna pakiti ngapi za chumvi?

Maswali haya nimewauliza watu wengi, na wanaoweza kuyajibu ni wachache mno. Bei tunazijua kwa kichwa. Tunajua nani anauza nafuu, nani anapunja mizani, siku gani bidhaa huwa mpya. Lakini majiko yetu wenyewe hatuyajui. Nimekuja kusema jambo moja tu: sehemu kubwa ya pesa ya chakula haipotelei dukani kama tunavyodhani. Inapotelea jikoni, baada ya sisi kurudi tukiwa tumefurahi kwamba tumenunua vizuri. Kwa hiyo mpango wa manunuzi ya wiki unapaswa kuanzia huko huko jikoni.

Nianze na kwa nini jambo hili linanigusa. Mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani, Ernst Engel, alizichambua hesabu za matumizi ya familia za wafanyakazi wa Ubelgiji. Akaona kwamba kadiri kipato cha familia kinavyopungua, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato hicho inavyokwenda kwenye chakula. Tangu hapo wataalamu wameupima ukweli huo katika nchi nyingi, na bado umesimama. Maana yake ni kwamba mwenye kipato kidogo akitupa nusu mkate anaumia kuliko mwenye nacho akitupa mkate mzima. Nusu ile imetoka kwenye fungu ambalo tayari limebana, na pembeni yake kuna ada, nauli na dawa zinazosubiri zamu.

Miaka michache iliyopita mimi nilikuwa mtu wa kutafuta nafuu. Nilizunguka duka hadi duka, nikilinganisha, nikibishana bei, nikirudi nyumbani miguu inawaka moto. Hata hivyo kila ikifika Alhamisi pochi ilikuwa tupu na Jumamosi bado mbali. Sikuelewa. Siku moja nikachukua karatasi, nikaibandika juu ya pipa la taka la jikoni, nikaning'iniza kalamu kwa uzi. Nikawaambia wa nyumbani: hakuna ugomvi, hakuna maswali, ila anayetupa chakula aandike alichotupa. Tukaenda hivyo kwa wiki nne.

Karatasi ile ninayo hadi leo. Wiki ya kwanza imeandikwa: nusu mkate, umeota ukungu. Fungu la mboga za majani, limegeuka njano. Wali, bakuli moja. Nyanya nne. Maziwa, robo lita, yamechacha. Wiki ya pili: mboga za majani. Tango. Wali. Wiki ya tatu, kwa mwandiko wa mtoto: "mboga tena." Wiki ya nne, mboga tena, na nusu ya mkate mwingine.

Nilikaa na karatasi ile mezani muda mrefu. Wiki nne, na mboga za majani zimetupwa mara nne. Nilijiuliza kwa nini hununua mafungu matatu kila Jumamosi, na jibu la kweli lilikuwa kwamba nilinunua matatu kwa sababu Jumamosi iliyotangulia nilinunua matatu. Nyumba ilikuwa imebadilika. Mmoja alikuwa amehama kwa ajili ya kazi, mwingine alikuwa anakula chakula cha mchana shuleni. Mazoea yangu yalikuwa yanailisha nyumba ambayo haikuwapo tena.

Siko peke yangu katika hili. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula madukani, mikahawani na majumbani, na asilimia 60 ya hicho kilitoka majumbani. Ukikigawa kwa watu wote, kila mtu anatupa nyumbani kwake kilo 79 kwa mwaka. Ndani ya kilo hizo kuna maganda na mifupa, tusizidishe chumvi. Hata hivyo nyumba ya watu watano inakaribia kilo 400 kwa mwaka, na si zote ni maganda.

Sasa tufanye hesabu ya mayai. Umenunua mayai 30. Sita yamekaa nyuma ya friji hadi yakaharibika, mmekula 24. Pesa ya mayai 30 imelisha watu mayai 24, kwa hiyo kila yai mlilokula limewagharimu robo zaidi ya bei uliyolipa. Ni muuzaji gani aliyewahi kukupandishia bei kwa robo ndani ya wiki moja, ukanyamaza? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yale mayai sita yamepotea bila habari. Hakuna aliyelia, kwa sababu hakuna aliyejua.

Basi tunapangaje?

Siku moja kabla ya kwenda kununua, tenga dakika 20. Fungua friji, kabati na kikapu, uanzie nyuma kuja mbele, maana vinavyosahaulika hukaa nyuma. Usiandike kwanza unachotaka kununua. Andika kilichopo, na pembeni uweke alama kwenye vile visivyoweza kusubiri.

Niwape mfano. Ijumaa jioni nafungua, nakuta nusu kabichi, mayai matano, viazi sita na viwili kati yake vimeanza kuchipua, kikombe kimoja cha dengu, mtindi unaoisha muda Jumatatu, vitunguu vitatu, na kiporo cha maharage ya jana. Zamani ningefunga friji nikasema hamna kitu. Sasa najua kwamba hapa kuna milo mitatu. Maharage yanaliwa kesho mchana, hayana ruhusa ya kuvuka hapo. Viazi vinaondolewa machipukizi, vinakaangwa na mayai, hicho ni chakula cha jioni. Kabichi na dengu ni mlo wa Jumapili. Mtindi ni wa kifungua kinywa. Sijatoka mlangoni, sijatoa senti, na milo ya wiki imeshaanza kupungua. Orodha inaandikwa baada ya hapo, na mara nyingi kinachopungukiwa ni kitu kidogo cha kuunganisha tu: nyanya, mafuta, ndimu.

Kisha tunahesabu milo. Watu wengi huchukua siku saba, wakazidisha kwa milo mitatu, wakapata 21, wakanunua ya 21. Lakini nyumba yako hailali njaa wala haili mara 21. Nani atachelewa kazini Jumanne? Nani amealikwa mahali? Nani anakula shuleni? Andika majina ya siku kwenye karatasi, na chini ya kila siku idadi ya watu watakaokaa mezani. Mimi nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza nilikuta kwamba jioni za siku za kazi mezani tulikuwa watu wanne, wakati nilikuwa napika kwa sita. Lile bakuli la wali kwenye karatasi ya pipa lilikuwa limetoka hapo.

Na wali wenyewe tuupime. Kikombe kimoja cha mchele mkavu kikiiva hutoa karibu vikombe vitatu. Pima kwa wiki moja kiasi ambacho nyumba yako inamaliza, bila kubaki na bila kugombania, uandike namba hiyo ndani ya mlango wa kabati. Watu wanaona kupima ni ubahili. Mimi naona kumimina mchele kwa macho ni kuukosea heshima mkono ulioutafuta. Lugha yetu yenyewe inasema haba na haba hujaza kibaba, na kibaba ni kipimo cha nafaka. Maneno haya yalizaliwa ghalani.

Mpangilio wa milo nao ufuate uhai wa chakula. Mboga za majani, samaki na nyama mbichi viliwe siku mbili za mwanzo. Katikati ya wiki zije kabichi, karoti, boga na bilinganya, ambavyo vina subira. Mwisho wa wiki, pesa ikiwa imelala, ndipo maharage, dengu, mayai na viazi vinaposimama. Mkipanga kinyume, mkaanza na maharage Jumamosi na kuacha mchicha hadi Alhamisi, mmeshauandikia mchicha wenu njia ya kwenda pipani. Na siku moja iacheni wazi, msiipangie chochote. Hiyo ni siku ya viporo, siku ya mgeni, siku ya kuchoka. Mpango usio na siku ya kuchoka huvunjika, na ukishavunjika mara mbili watu huutupa wote.

Dukani sitakaa sana, ingawa ndiko wengi mlitegemea nianzie. Niseme tu jambo moja la historia, kwa sababu linatufungua macho. Hadi mwanzoni mwa karne iliyopita mnunuzi alikuwa anasimama kaunta, anamsomea karani orodha yake, na karani anamletea. Mwaka 1916 Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly mjini Memphis, Marekani, ambamo mnunuzi alipita mwenyewe kati ya rafu na kuchukua alichotaka. Mwaka 1937 Sylvan Goldman akaleta toroli la kusukuma katika maduka yake ya Oklahoma City, ili mikono isichoke na kikapu kisijae mapema. Tangu hapo tunapita mbele ya kila kitu, tukiwa na chombo kikubwa chenye magurudumu, na hakuna karani wa kutuuliza, "Na hiki pia kilikuwamo?" Karani tuliyebaki naye ni ile orodha. Iandikwe na idadi. Ukiandika "nyanya", umejiachia mlango wazi. Andika "nyanya 8".

Usiende na njaa pia. Wazee wamelisema siku zote, lakini mwaka 2015 watafiti waliliongezea jambo lililonishangaza. Watu wenye njaa walipopewa nafasi ya kuchukua vibanio vya karatasi bure, walichukua vingi kuliko walioshiba. Vibanio haviliwi! Kumbe njaa haiamshi hamu ya chakula peke yake, inaamsha mkono wa kuchukua. Kula ndipo utoke.

Kuhusu bei, angalieni uzito kabla ya rangi za pakiti. Pakiti iliyokuwa gramu 500 ikapunguzwa hadi gramu 450 kwa bei ile ile, imepanda bei kwa asilimia 11, na lebo ya bei haikubadilika hata tarakimu moja. Kwa hiyo gawa bei kwa kilo au kwa lita, simu zote zina kikokotoo. Pakiti kubwa mara nyingi huwa nafuu kwa kilo, ila msikimbilie. Chukulia pakiti kubwa ni nafuu kwa asilimia 20. Ukiinunua, robo yake ikaota wadudu au ukungu ukaitupa, umekula kwa bei ya juu kuliko yule aliyenunua ndogo na kuimaliza. Kwa hiyo mchele, chumvi, sukari, sabuni na maharage makavu, nunua kikubwa ukiweza na ukiwa na chombo kinachofunga vizuri. Unga, viungo vya kusagwa na chochote kinachopoteza harufu, nunua cha kutosha. Ofa ya "lipia viwili upate cha tatu" ni nzuri kama ungekula vitatu.

Hapa lazima niseme na ndugu zangu ambao pesa yao huja siku kwa siku. Najua wapo humu, na najua ushauri wa manunuzi ya wiki huwapita juu kama ndege. Mtu anayelipwa jioni hana cha kununulia vya siku saba, na si kwa sababu hajui kupanga. Lakini kupanga wiki ni jambo moja, kununua kwa mkupuo ni jambo jingine. Mnaweza kujua tangu Jumapili mtakula nini Jumatano, hata kama pesa ya Jumatano itakuja Jumatano. Faida yake ni kwamba siku ikileta kidogo zaidi, huiulizi pesa iende wapi. Unajua kwamba leo ziada inanunua maharage ya kilo, kesho chumvi au mafuta, na taratibu mnakuwa na vikavu vya akiba vinavyowatoa kwenye kununua vipimo vidogo vidogo, ambavyo kwa kilo ndivyo ghali kuliko vyote. Maskini huuziwa kwa bei ya juu kwa sababu hununua kidogo. Hilo linaniuma, na njia ya kulipunguza ni kikavu kimoja kwa wakati mmoja.

Tukirudi nyumbani na mizigo, kazi haijaisha, na hapa naomba uvumilivu wenu, kwa kuwa nusu saa hii ndiyo inayolinda pesa yote. Kipya kiwekwe nyuma, cha zamani kije mbele. Viazi vikae gizani na penye hewa, maana mwanga huvigeuza kijani na ile kijani huambatana na sumu. Visikae pamoja na vitunguu, vikikaa pamoja huharibiana. Ndizi zinazoiva, nyanya na matofaa hutoa gesi inayoivisha vilivyo jirani, kwa hiyo mboga za majani zisilale karibu nazo. Mboga za majani zichague, toa yaliyooza, kung'uta maji, zifunge kwa kitambaa au karatasi kavu, ndipo ziingie kwenye friji. Kwangu peke yake kazi hiyo iliwahi kuongeza siku tatu za uhai, na neno "mboga" likatoka kwenye karatasi ya pipa.

Chakula kilichopikwa nacho kina saa zake. Shirika la Afya Duniani linashauri kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, kihifadhiwe chini ya nyuzi 5, na kipashwe moto hadi kichemke kabisa. Hasa wali, ambao ukiachwa nje usiku kucha unaweza kuwa na sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kubana matumizi kusitufikishe hospitali. Na someni tarehe kwa makini: bidhaa nyingine huandikwa tarehe ya mwisho ya kutumia, hiyo ni ya usalama, iheshimuni. Nyingine huandikwa kwamba ni bora zikitumika kabla ya tarehe fulani, hiyo ni ya ladha na ubora, na pakiti iliyopita hapo kwa siku chache inastahili kufunguliwa na kuangaliwa kabla ya kutupwa.

Nimalizie na watu, maana jiko si vyombo tu. Nimeona nyumba ambazo mpango huu uligeuka kesi. Mmoja anashika daftari, mwingine anahojiwa: mafuta yameishaje, mkate nani kamaliza. Sipendi mpango unaomfanya mpishi kuwa mtuhumiwa. Mara nyingi anayetoa pesa, anayenunua na anayepika ni watu watatu tofauti, na kila mmoja anaiona robo ya ukweli. Kaeni pamoja Ijumaa, hata kwa robo saa, na karatasi iwe katikati ya meza. Mtoto achague mlo mmoja wa wiki, naye auandikie vinavyohitajika. Mzee mwenye dawa na masharti ya chakula aulizwe, asipangiwe. Pesa ya wiki itengwe mapema, na sehemu ndogo ibaki kwa ajili ya maziwa na mkate wa katikati ya wiki, ili asiwepo wa kuona amevunja sheria kwa kununua mkate.

Pale karibu na mlango nimeweka karatasi tupu na kalamu zenye uzi. Kila nyumba ichukue moja. Ibandikeni juu ya pipa usiku huu huu, kabla hamjanunua wala kupanga chochote, na muandike humo chochote kitakachotupwa hadi tutakapokutana tena baada ya wiki nne. Msiisafishe, msiifiche. Njooni nayo kama ilivyo, nami nitakuja na ile yangu.

Ahsanteni sana.